Chanjo Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo husikika zaidi midomoni mwa wenye maduka na makarani wa vyama vya ushirika, lakini pengine hakuna mali inayohusika nao zaidi ya chanjo ya mtoto mchanga. Gunia la mahindi likiibwa ghalani, pengo lake huonekana. Chanjo ikiharibika haiachi pengo. Kichupa hubaki pale pale ndani ya jokofu, kikiwa na rangi ile ile na karatasi ile ile, na muuguzi mwaminifu aweza kumchoma mtoto sindano isiyo na nguvu bila yeye mwenyewe, mama wala mtoto kujua. Habari ya hasara hiyo huja baada ya miezi au miaka, na mjumbe anayeileta ni ugonjwa.

Kwa sababu hiyo, suala la kutumia simu na kompyuta kufuatilia chanjo kutoka bohari ya taifa hadi zahanati ya kijiji haliwezi kuachiwa mafundi wa mitambo peke yao. Ni suala la utumishi wa umma. Linamhusu mganga na muuguzi, lakini linamhusu pia karani wa halmashauri, mtendaji wa kijiji na mwalimu wa shule ya msingi. Kila mmoja wao hushika kipande cha habari ambacho mwenzake hana, na chanjo hupotea katika nafasi iliyopo kati ya kipande kimoja na kingine.

Tanzania ilianza Mpango wa Taifa wa Chanjo mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya Shirika la Afya Duniani kuanzisha mpango wa namna hiyo kwa ulimwengu mzima. Kazi ya wakati ule, ingawa ilikuwa nzito, ilikuwa na hesabu fupi. Magonjwa yaliyolengwa yalikuwa sita: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Tangu hapo orodha imerefuka. Mwaka 2009 ilikuja chanjo moja yenye kinga tano kwa pamoja. Mwaka 2013 zilianza kutolewa chanjo za kuzuia kichomi na kuhara kunakoletwa na virusi vya rota. Mwaka 2014 chanjo ya surua iliunganishwa na ya rubela, na mwaka 2018 wasichana nchini kote walianza kupewa chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi. Kila chanjo ina ratiba yake, idadi yake ya dozi, tarehe yake ya kuisha muda na namna yake ya kuharibika. Daftari lililotosha kwa magonjwa sita limebebeshwa mzigo ambao halikutengenezewa.

SAFARI YA KICHUPA

Msomaji na aitazame safari ya kichupa kimoja cha chanjo kinachokusudiwa watoto wa Tosamaganga, katika Wilaya ya Iringa. Kichupa hicho hutoka Dar es Salaam, penye joto la pwani. Hupita Morogoro na Mikumi, kikateremka katika bonde la Ruaha Mbuyuni ambako jua huchoma mibuyu mchana kutwa, kisha kikapanda mlima Kitonga hadi Iringa, kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa kujifunika blanketi mbili. Katika safari ya siku moja kichupa kimeonja hali ya hewa ya nchi mbili. Kikitoka Iringa mjini huelekea Tosamaganga, jirani na Kalenga iliyokuwa makao ya Mtwa Mkwawa. Vichupa vingine huteremshwa tena kwenda Pawaga na Idodi, ambako joto hurudi pale pale lilipoachwa Ruaha Mbuyuni.

Takriban chanjo zote za watoto zinazotunzwa zahanati hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi. Wananchi wengi wanafahamu kwamba joto huharibu chanjo. Wachache ndio wanaofahamu kwamba baridi nayo huharibu. Chanjo ya polio ya matone na ya surua huathiriwa na joto, lakini chanjo ya homa ya ini, ile yenye kinga tano, na ya saratani ya shingo ya kizazi zikiganda huwa hazifai tena, hata zikiyeyuka na kuonekana kama zilivyokuwa. Tangu mwaka 1996 vichupa vya polio vilianza kubandikwa alama ndogo inayobadilika rangi kadiri joto linavyokiingia kichupa, na baadaye chanjo nyingine zikafuata. Alama hiyo imeokoa dozi nyingi mno duniani. Hata hivyo, haisemi lolote kuhusu kuganda. Katika nyanda za Iringa, Njombe na Mbeya, ambako umande wa Julai huweza kuwa barafu juu ya majani ya viazi, hatari hiyo ya pili haiwezi kupuuzwa, wala jokofu lililotegwa vibaya haliwezi kusamehewa.

Yafaa ikumbukwe kwamba ushindi mkubwa kuliko wote wa chanjo, yaani kufutwa kwa ndui ulimwenguni kulikotangazwa mwaka 1980, ulipatikana kwa chanjo iliyokaushwa ambayo ilivumilia joto. Mchanjaji aliweza kuibeba mfukoni hadi kijiji cha mwisho. Chanjo za leo hazina uvumilivu huo. Zinahitaji jokofu, na jokofu linahitaji mtu anayejua hali yake kila siku.

DAFTARI LA KARATASI

Haifai kulidharau daftari la karatasi. Tosamaganga yenyewe ni ushahidi wa nguvu ya maandishi. Ni misheni kongwe. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwapo Wabenedikto kutoka Ujerumani, na baada ya vita hiyo wakafuata Wamisionari wa Consolata kutoka Italia. Katika misheni za Kikatoliki kila anayebatizwa huandikwa kitabuni: jina lake, wazazi wake na tarehe. Akioa au kuolewa mbali, habari hurudishwa parokia alikobatizwa na kuandikwa ubavuni mwa jina lake. Kwa njia hiyo muumini huhama, lakini kitabu hakimpotezi. Huo ndio moyo wa uwekaji wa kumbukumbu, na ulikuwapo kabla ya umeme.

Tatizo la daftari la chanjo ni kwamba mtoto wa leo na kichupa cha leo huhama kwa kasi kuliko karatasi. Muuguzi wa zahanati hujaza leja ya chanjo zilizopokelewa na zilizotumika, hujaza rejesta ya watoto, huhesabu kwa vijistari siku ya kliniki, na mwisho wa mwezi hujumlisha yote katika fomu ya ripoti. Fomu huenda wilayani, ikajumlishwa na fomu nyingine. Huenda mkoani, ikajumlishwa tena. Kisha huenda taifa. Hesabu inapofika mbele ya mwenye mamlaka ya kugawa chanjo, huwa inasimulia mambo yaliyokwisha pita. Ni sawa na dereva anayeendesha gari kwa kutazama kioo cha nyuma.

Kwa kuwa ripoti huchelewa, ugavi hutegemea makadirio ya idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na ni hesabu njema kwa kupanga bajeti. Lakini mama wa kijiji fulani cha Iringa hakai mahali pamoja kwa ajili ya kulinda makadirio. Msimu wa mpunga ukifika familia huteremka Pawaga, au huvuka mpaka wa mkoa kwenda Mbarali. Wengine hufuata vibarua katika mashamba ya chai ya Mufindi. Zahanati waliyoiacha hubaki na chanjo zinazokaribia kuisha muda, ilhali ile waliyoikuta huwaambia akina mama warudi wiki ijayo. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyezembea. Chanjo ipo nchini, tena yawezekana ipo katika wilaya jirani. Kilichopungua ni habari.

Mama anayeambiwa arudi wiki ijayo si kila mara hurudi. Ametembea saa nyingi akiwa na mtoto mgongoni, ameacha shamba, na pengine amelipa nauli ya pikipiki. Akirudishwa mara ya pili, neno la mwuguzi hupoteza uzito wake kijijini. Kadi ya kliniki yenye nafasi tupu ni kumbukumbu ya kosa ambalo mama huyo hakulitenda.

YALIYOKWISHA JARIBIWA NCHINI

Wapo wanaodhani kwamba ufuatiliaji wa kidijitali ni jambo la kuigwa kutoka ng'ambo. Historia ya Tanzania yasema vingine. Mwaka 2009 na 2010, Wizara ya Afya ikishirikiana na mashirika na makampuni ya nje iliendesha jaribio lililojulikana kwa jina la SMS for Life katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Bidhaa iliyofuatiliwa ilikuwa dawa ya malaria, wala siyo chanjo, lakini ugonjwa wa ugavi ulikuwa ule ule. Mara moja kwa wiki vituo 129 vya afya vilipokea ujumbe katika simu za kawaida za mkononi, ukiuliza ni dawa kiasi gani zilizobaki. Mhudumu alijibu kwa tarakimu chache, naye aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio dogo katika simu yake. Meneja wa wilaya aliziona hesabu zote mahali pamoja.

Matokeo yake yalichapishwa na yanajulikana. Katika wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hiyo. Katika wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini uhaba ulikuwa umekwisha kufikia wiki ya nane. Kigoma Vijijini, ambako ulikuwa asilimia 93, ulipungua hadi 47 tu. Tofauti hiyo ya wilaya kwa wilaya ndiyo somo lenyewe. Simu zilikuwa zile zile na ujumbe ulikuwa ule ule. Habari ilifika kote. Nguvu na uwezo wa kuitendea kazi habari hiyo ndivyo havikulingana.

Kwa upande wa chanjo, kati ya mwaka 2013 na 2018 Tanzania na Zambia zilishiriki katika mradi ulioongozwa na shirika la PATH kwa fedha za mfuko wa Gates. Mkoa wa Arusha ulitangulia, na mikoa mingine ikafuata. Huko ilijengwa rejesta ya kielektroniki inayomtambua kila mtoto kwa jina na kuonyesha ni nani aliyepitwa na dozi, ili muuguzi asisubiri mama aje bali amtafute. Sambamba na hilo kulijengwa mfumo ulioitwa kwa kifupi VIMS, uliowawezesha waratibu wa chanjo wa wilaya na mikoa kuona pamoja hesabu ya chanjo, hesabu ya watoto waliochanjwa na hali ya majokofu. India nayo, yenye watu wengi kuliko nchi yoyote, ilianza mwaka 2015 mfumo wake wa eVIN, ambao hutumia simu za wahudumu na vipimajoto vinavyopeleka habari vyenyewe kutoka katika majokofu.

Kwa hiyo, swali la kama jambo hili linawezekana limekwisha kujibiwa, tena kwa sehemu kubwa limejibiwa katika ardhi ya Tanzania. Swali lililobaki ni la namna ya kulitenda bila kuligeuza kuwa mzigo mwingine juu ya mabega ya mhudumu wa kijijini.

MALALAMIKO YENYE HAKI

Malalamiko ya kwanza ya wahudumu ni kazi mara mbili. Kishikwambi kimeletwa, lakini leja, rejesta na fomu hazikuondolewa. Muuguzi mmoja katika zahanati, mwenye wajawazito, wagonjwa na watoto kwenye benchi, hutakiwa aandike jambo lile lile katika karatasi na kulirudia katika mashine. Mtu aliye katika hali hiyo hufanya mambo mawili: ama huandika karatasi vizuri na kuijaza mashine kwa haraka jioni, ama huwacha moja kabisa. Kisha hulaumiwa kwa uvivu. Hapana shaka kwamba ni busara kutunza karatasi wakati mashine inajaribiwa. Lakini jaribio lisilo na tarehe ya mwisho ni adhabu. Wizara na halmashauri zinapaswa kutaja, kwa kila wilaya, siku ambayo kituo kilichothibitika kujaza mfumo kwa usahihi kitaruhusiwa kuweka chini kalamu ya pili.

Malalamiko ya pili ni hofu. Tarakimu zikionekana mara moja Dodoma na Dar es Salaam, ni rahisi mkubwa kuzitumia kama fimbo. Mhudumu anayejua kwamba ataitwa kujieleza kwa kila dozi iliyotupwa atajifunza upesi kuandika hesabu inayopendeza. Watumishi wa umma wanazifahamu taarifa za namna hiyo. Hupikwa mkoani, zikaungwa wizarani, na mwananchi ndiye anayelala njaa. Mfumo wa kielektroniki hauponyi ugonjwa huo. Huupa kasi tu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika chanjo, na yafaa lielezwe kwa mfano. Kichupa cha surua na rubela aghalabu huwa na dozi kumi, na kikishachanganywa hakina budi kutumika ndani ya saa sita; zinazobaki hutupwa. Siku ya kliniki wanakuja watoto watatu. Muuguzi afungue kichupa na kumwaga dozi saba, au awaambie akina mama wasubiri siku watakapofika kumi? Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Lakini mfumo unaohesabu dozi pekee utamwonyesha muuguzi aliyefuata ushauri huo kuwa ni mbadhirifu, na yule aliyewarudisha akina mama kuwa ni mwekevu. Dozi zilizotupwa zina safu yao katika jedwali. Mtoto aliyerudishwa nyumbani mara nyingi hana. Daftari lolote, liwe la karatasi au la mashine, lisilokuwa na mahali pa kumwandika mtoto aliyekosa, linahifadhi chanjo na kumpoteza mwenye chanjo.

Malalamiko ya tatu hutoka kwa wale wasemao kwamba fedha za vishikwambi zingenunua chanjo. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Mfumo wa kufuatilia hauzai chanjo. Mwezi Juni 2025 Serikali ya Kenya ilikiri kuwapo uhaba wa chanjo ya kifua kikuu na ya polio ya matone. Na hakuna simu wala kompyuta iliyoweza kugawa kile ambacho hakikuwapo bohari. Lakini nusu ya pili ya ukweli ni kwamba taifa lisilojua kilichomo katika majokofu yake haliwezi kuagiza kwa wakati, wala kudai kwa sauti ya uhakika. Anayekwenda sokoni bila kujua kilichobaki ghalani hununua asichohitaji na kurudi bila anachohitaji. Hesabu sahihi ni sehemu ya ununuzi.

Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Mbolea inayofika baada ya mvua kupita si mbolea tena kwa msimu huo. Kwa ajili hiyo, tangu msimu wa 2022/2023 wakulima wameandikishwa katika mfumo wa kidijitali ili kila mfuko wa mbolea ya ruzuku umfikie aliyekusudiwa. Ikiwa mfuko wa mbolea unaweza kufuatwa hadi kwa mkulima wa Isimani au Mbozi, hakuna sababu ya kichupa cha chanjo kupotea njiani kwenda huko huko.

NANI MWENYE DAFTARI?

Hapa ndipo panapotakiwa uangalifu mkubwa zaidi. Mifumo mingi ya namna hii ilizaliwa kwa fedha za wafadhili. Mradi huanza kwa sherehe, huleta magari na semina, kisha tarehe ya mwisho hufika. Mwaka 2025 umetoa onyo lisilohitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake mapema mwaka huo, na kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Mwezi Juni nchi hiyo ilitangaza pia kwamba haitaichangia tena Gavi, taasisi inayosaidia nchi nyingi za Afrika kununua chanjo. Anayelipiwa daftari na jirani hana budi kujiuliza atafanya nini jirani akibadili nia.

Kujitegemea katika jambo hili hakumaanishi kukataa msaada. Kunamaanisha kwamba mambo machache ya msingi yasitegemee msaada: kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu ziwe mikononi mwa Serikali, vijana wa Kitanzania wawe na uwezo wa kuutengeneza mfumo ukiharibika, na gharama ndogo ndogo za kila mwezi, kama vile salio la simu, betri ya umeme wa jua na fundi wa jokofu, ziingizwe katika bajeti ya halmashauri kama inavyoingizwa mishahara. Mara nyingi mfumo mkubwa hufa kwa sababu ya gharama ambayo haifiki hata bei ya tairi moja la gari la wilaya.

Hali kadhalika, wingi wa mifumo ni adui. Mganga wa zahanati hawezi kuwa na dirisha moja la dawa, jingine la chanjo, jingine la malaria na jingine la wajawazito, kila moja na neno lake la siri na msimamizi wake. Mfadhili mpya akija na mfumo mpya, ajibiwe kwa adabu kwamba nyumba ipo, kinachotakiwa ni kuongeza chumba.

Aidha, rejesta inayomtaja mtoto kwa jina, pamoja na mama yake na kijiji chake, ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika mwaka 2023. Sheria hiyo isiwe pambo. Wananchi wakijua kwamba habari zao zinatunzwa kama siri ya mgonjwa inavyotunzwa, watazitoa kwa uaminifu.

WAJIBU WA WALIMU NA WATUMISHI

Mwalimu anayesoma haya asidhani kwamba suala hili linamhusu daktari peke yake. Chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi hutolewa kwa sehemu kubwa shuleni, na orodha ya wasichana wenye umri unaohusika ni mwalimu anayeijua. Orodha hiyo ikiwa sahihi, wilaya huagiza dozi sahihi. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, walimu waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika kuhesabu watu. Chombo kile kile kilichomhesabu mtoto kinaweza kusaidia kumkinga, iwapo wizara zinazohusika zitazungumza lugha moja. Na siku ya kuandikisha darasa la kwanza, mwalimu anayeomba kuiona kadi ya kliniki na kumwelekeza zahanati mtoto mwenye pengo, bila kumfukuza, hufanya kazi ambayo hakuna mashine iwezayo kuifanya.

Mtendaji wa kijiji naye ndiye anayejua ni nani amehamia na nani amehama. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, takriban watu milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili namna ya kuzuia magonjwa vijijini mwao. Chombo kilikuwa redio tu. Kilichokipa nguvu ni kwamba kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, na kila mazungumzo yaliishia katika kazi: choo kilichochimbwa, dimbwi lililofukiwa. Simu ya leo ina uwezo mkubwa kuliko redio ya wakati ule, lakini bila mpango wa namna hiyo itabaki kuwa kioo cha kutazamia tarakimu.

Mikoa ya kusini imekwisha kuonja umuhimu wa hesabu ya haraka. Mwezi Februari 2022 polio ya asili ilitangazwa kugunduliwa nchini Malawi. Mwezi uliofuata watoto wa chini ya miaka mitano katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma walianza kuchanjwa nyumba kwa nyumba. Katika kazi ya namna hiyo haiwezekani kusubiri ripoti ya mwisho wa mwezi. Jioni ya kila siku lazima ijulikane ni kijiji gani kimemalizwa, kipi kimebaki, na matone mangapi yamo katika sanduku. Kirusi hakisimami mpakani kungoja fomu zijumlishwe. Lililowezekana kwa siku chache za kampeni halina budi kuwa desturi ya mwaka mzima.

Hospitali ya Tosamaganga, mali ya Jimbo Katoliki la Iringa, kwa miaka mingi imetumika kama hospitali teule ya wilaya, na madaktari kutoka Italia wamefanya kazi humo bega kwa bega na Watanzania. Mahali pa namna hiyo pameonyesha kwamba misheni, Serikali na wageni wema wanaweza kutumia kitanda kimoja kwa mgonjwa mmoja. Basi watumie pia daftari moja kwa mtoto mmoja, awe amezaliwa Tosamaganga, amehamia Mbarali au amefuata wazazi wake kwenye chai ya Mufindi.

Mambo yanayotakiwa ni machache na yanajulikana. Mfumo uwe mmoja. Karatasi ya ziada iwe na siku yake ya mwisho. Mhudumu anayepeleka hesabu arudishiwe jibu: chanjo itakuja lini, na jokofu litatengenezwa na nani. Anayesema ukweli kuhusu dozi iliyoharibika ashukuriwe, kwa kuwa amewaokoa watoto ambao wangechomwa dawa isiyo na nguvu. Mtoto aliyerudishwa bila chanjo aandikwe, na jina lake lisomwe kwanza katika kikao cha wilaya kabla ya asilimia zozote kusomwa. Bajeti ya kuuendesha mfumo itoke nyumbani.

Kinga ni bora kuliko tiba, na Watanzania wamefundishwa hivyo tangu shule ya msingi. Lakini kinga hukaa ndani ya kichupa, kichupa hukaa ndani ya jokofu, na jokofu hukaa chini ya ulinzi wa mtumishi mmoja mwenye ufunguo na kalamu. Mtumishi huyo akiulizwa leo amebakiwa na dozi ngapi, anastahili kuwa na uwezo wa kujibu kweli, na aliyemwuliza anawajibika kumletea anachokosa kabla ya siku ya kliniki nyingine.